Hesabu Pumzi Kabla Maji Hayajatoka

Mada: Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5
Walengwa: Kina mama, mabibi, kina baba na walezi wote
Vifaa: Saa au simu yenye saa ya kuhesabia sekunde

(Muziki wa udi unasikika, kisha unashuka taratibu.)

  Popote ulipo, iwe ni Kizingitini, Mbwajumwali, Tchundwa, Faza, Siyu au Pate, iwe ni Amu mjini, Shela, Matondoni au Kipungani, sogea karibu na redio. Na kama una mtoto mdogo hapo nyumbani, mpakate. Tutamhitaji kabla ya mazungumzo haya kwisha.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika kisiwa cha Pate. Kazi yangu ni kutembelea nyumba, na chombo changu cha kazi ni baiskeli. Wageni wakisikia Lamu hufikiria punda na mashua tu. Lakini sisi wa Pate twajua kwamba kati ya kijiji na kijiji kuna njia ya mchanga, na njia hiyo ina wenyewe: punda, pikipiki, wapita kwa miguu, na mimi na baiskeli yangu.

Leo nataka kukusimulia safari moja niliyoifanya peke yangu siku ya upepo mkali. Safari hiyo ilinifundisha namna ya kueleza jambo ambalo nilikuwa nikilieleza vibaya kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni pumzi ya mtoto.

SAFARI YA KUTOKA FAZA

Ilikuwa mwezi wa Julai, na kila mtu wa pwani anajua Julai ni wakati wa kusi. Niliondoka Faza asubuhi, baada ya chai, kuelekea Siyu na kisha Pate. Nyuma ya baiskeli nilifunga mkoba wangu: utepe wa kupimia mkono wa mtoto, pakiti za chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa wanaoharisha, vidonge vya zinki, daftari, na saa ya kuhesabia pumzi.

Ukitoka Siyu kwenda Faza wakati wa kusi, upepo hukusukuma, waenda kama una injini. Ukitoka Faza kwenda Siyu, mambo hugeuka. Siku ile upepo ulinikabili usoni tangu nilipoacha nyumba za mwisho. Minazi ililala upande mmoja. Mchanga uliruka ukaingia machoni. Penye mchanga mwingi gurudumu lilizama, nikashuka, nikasukuma. Nikapanda tena, nikaenda hatua mia, nikashuka tena.

Njiani nilikutana na mzee mmoja na punda wake wawili waliobeba makuti. Akaniambia, "Kusi ya leo si ya baiskeli, mwanangu. Rudi, uje kesho." Nikamwambia, "Kesho nayo ina kusi yake, mzee wangu." Akacheka, akapita. Sikumwambia kwa nini nisingeweza kungoja kesho. Sababu hiyo nitakueleza baadaye.

Nilifika Siyu nimechoka kabisa. Katika nyumba ya kwanza nilipiga hodi nikakaa kwenye daka, maana hata kusema sikuweza. Bibi wa nyumba alitoka, akanitazama, akasema, "Mwanangu, wahema kama punda wa mawe! Ngoja nikuletee maji."

Nilipokuwa nikingoja maji nilitoa saa mkobani nikahesabu pumzi zangu mwenyewe. Zilikuwa 38 kwa dakika moja. Nikanywa maji, nikapumzika, nikahesabu tena. Zilikuwa 18. Mwili ulikuwa umefanya kazi ngumu, ukahitaji hewa nyingi. Kazi ilipokwisha, pumzi ikatulia. Hivyo ndivyo mwili wenye afya unavyofanya.

Hapo ndipo niliposikia kikohozi ndani ya nyumba.

MTOTO ALIYEHEMA AKIWA AMELALA

"Ni mjukuu wangu," bibi akasema. "Leo siku ya tatu. Amepigwa na upepo."

Nikaomba mama yake amlete dakani, penye mwanga. Mama alikuwa kijana, na mtoto wake alikuwa na miezi 9. Alikuwa amefunikwa blanketi mbili na kofia ya sufi, na nguo zake zilinuka moshi wa makaa. Walikuwa wamefunga madirisha wakaweka jiko chumbani ili upepo usimfikie.

Sikumlaumu mtu, na wewe usiwalaumu. Walifanya hivyo kwa mapenzi. Nikamwomba mama ampakate, amfungue nguo za kifuani taratibu, asimlize. Kisha nikampa mama ile saa, nikamwambia, "Hesabu wewe. Kila tumbo likipanda ni pumzi moja. Mimi nitahesabu kimoyomoyo."

Tukahesabu dakika nzima. Mama akasema, "Hamsini na sita." Mimi pia nilipata 56.

Mama akaniuliza, "Ni nyingi?" Nikamwambia hivi: "Dada, umeniona nilivyofika hapa nikihema. Nilikuwa nimepigana na kusi kutoka Faza. Nimekaa, nimepumzika, pumzi yangu imerudi. Huyu mtoto hakutoka popote. Amelala mapajani mwako, lakini kifua chake chafanya kazi kama mtu anayeendesha baiskeli kuikabili kusi. Na yeye hana pa kushuka akapumzika."

Bibi alinyamaza. Kisha akasema, "Basi si upepo."

NIMONIA NI NINI?

Mpenzi msikilizaji, ugonjwa huu huitwa nimonia. Wengine huita homa ya mapafu, wengine kichomi. Ndani ya mapafu yetu kuna vifuko vidogo vidogo sana vya hewa. Vijidudu vikiingia humo, vifuko hujaa usaha na majimaji, hewa ikakosa nafasi. Mtoto hulazimika kupumua haraka haraka ili apate hewa ile ile aliyokuwa akiipata kwa pumzi chache.

Ugonjwa huu si mdogo. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 duniani. Lakini pia ni ugonjwa unaotibika, na mara nyingi kwa dawa ya kumeza tu, mradi uanze matibabu mapema.

Huenda unajiuliza: je, upepo ndio unaoleta nimonia? Hapana. Upepo wa kusi peke yake hauna ugonjwa. Nimonia huletwa na vijidudu vinavyotoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukohoa, kupiga chafya, na kwa mikono michafu. Wakati wa kusi na mvua tunajifungia ndani, wengi katika chumba kimoja. Jiko huwashwa ndani, madirisha hufungwa, moshi hujaa. Moshi huo huudhi mapafu ya mtoto na kuyadhoofisha, vijidudu vikapata njia. Na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa lina hatari nyingine: hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Basi mvishe mtoto nguo za kutosha, umkinge na baridi, lakini usimzibie hewa safi.

TUHESABU PAMOJA

Sasa ule wakati niliokuambia umefika. Mpakate mtoto wako. Asiwe analia, asiwe ananyonya wala anacheza. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Mfunue nguo uone tumbo na kifua. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Nitakapokuambia "anza," anza kuhesabu. Nitakapokuambia "simama," acha. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi ya mtoto haiendi sawasawa. Tunahesabu dakika nzima.

Uko tayari? Bismillahi. Anza.

(Kimya cha dakika 1. Kwa vikundi vinavyosoma kitabu hiki: mtu mmoja ashike saa.)

Simama. Umepata ngapi? Sasa sikiliza kwa makini namba hizi tatu:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Huyu apelekwe hospitali mara moja.

Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka: pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno.

Sitini, hamsini, arubaini. Mtoto akikua, namba inashuka. Andika namba hizi kwa mkaa ukutani kama huna karatasi.

Mtoto mwenye kikohozi ambaye pumzi zake zimefika namba hiyo aonwe na mhudumu wa zahanati siku hiyo hiyo. Yule mtoto wa Siyu alikuwa na miezi 9. Mpaka wake ni 50, naye alipata 56.

"TUNGOJE BABA YAKE"

Nilipowaambia waende zahanati, bibi alisema, "Tungoje baba yake. Yuko baharini, atarudi kesho maji yakijaa."

Hapo nikawaeleza ile sababu ambayo sikumwambia mzee wa punda, na leo nakueleza na wewe.

Mwaka mmoja kabla ya siku ile, jioni ya kusi kama hiyo, nilipita nyumba moja nikiwa nimechoka. Mama mmoja alisimama mlangoni akaniambia mtoto wake anakohoa. Nilimtazama mtoto kwa mbali, nikaona amelala. Saa ilikuwa mkobani, na sikuitoa. Nikamwambia, "Nitapita kesho asubuhi." Nikapanda baiskeli nikaenda zangu.

Usiku ule mtoto alizidiwa. Akaanza kukoroma, kifua kikaingia ndani, akakataa titi. Baba yake alikimbia kutafuta mashua, akaikuta imekaa kwenye matope, maji yametoka. Walingoja maji mpaka karibu na alfajiri. Mtoto alifariki wakiwa njiani. Nilipopita asubuhi kama nilivyoahidi, nilikuta watu wamekaa msibani.

Sikumwambia mtu kwa muda mrefu kwamba nilipita pale jioni ile. Kuhesabu kungechukua dakika moja. Tangu siku ile sipiti nyumba yenye mtoto anayekohoa bila kutoa saa, hata kama kusi inaning'oa kwenye baiskeli.

Nilipomaliza kusema, bibi yule wa Siyu hakujibu. Aliingia ndani, akarudi na simu, akampigia mwanawe. Alijaribu mara tatu kabla ya kumpata. Akamwambia, "Mwanao apelekwa zahanati sasa hivi. Nakupa habari tu, sikuombi ruhusa." Akakata simu, akachukua buibui lake.

Zahanati mtoto alipimwa. Kifua chake kilikuwa hakijaanza kubonyea, na bado alikuwa akinyonya, ingawa kwa kusitasita. Alipewa dawa ya amoksilini, ile inayoyeyushwa kwenye maji au maziwa ya mama, mara mbili kwa siku kwa siku 5. Mama aliambiwa amrudishe baada ya siku mbili aangaliwe, au arudi mara moja akiona dalili mbaya. Siku ya tatu nilipita tena, kusi ikiwa ile ile. Mama alitoka na mtoto akaniambia kabla sijashuka kwenye baiskeli, "Thelathini na sita! Nimehesabu mwenyewe."

DALILI ZA HATARI

Mama, kuna dalili ambazo ukiziona usihesabu kitu, usingoje mtu. Ondoka mpeleke mtoto hospitali:

1. Hawezi kunyonya wala kunywa.
2. Anatapika kila kitu.
3. Amepata degedege.
4. Amelegea, hajitambui au haamki.
5. Sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila anapovuta pumzi.
6. Anatoa sauti ya kukoroma akivuta pumzi ilhali ametulia.
7. Midomo au ulimi umegeuka rangi ya buluu.

Kwa mchanga wa chini ya miezi 2, homa, mwili kuwa baridi, au kuacha kunyonya vizuri, hata bila kikohozi, ni dalili ya kutosha.

USIFANYE HAYA

Usimpeleke mtoto kukatwa kimeo. Kimeo hakileti kikohozi, na kisu huleta damu na vijidudu.

Usinunue dawa ya dukani kwa kukisia, wala usitumie dawa iliyobaki ya mtoto wa jirani. Na ukipewa dawa ya siku 5, mpe siku 5 zote, hata akipata nafuu siku ya pili.

Usimpe asali mtoto wa chini ya mwaka 1.

Usimnyime titi kwa kusema maziwa yatazidisha kifua. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Pua ikiziba, isafishe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya chumvi kidogo ili aweze kunyonya.

KINGA

Chanjo ni ngao ya kwanza. Kenya ilianza kutoa chanjo ya vijidudu vya nimokokasi mwaka 2011. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, pamoja na chanjo ile ya magonjwa matano. Chanjo ya surua nayo husaidia, kwa sababu nimonia mara nyingi hufuata surua. Toa kitabu cha kliniki leo, uangalie kama kuna iliyorukwa.

Mpe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo. Baada ya hapo mpe chakula cha mchanganyiko, hata samaki, pamoja na titi. Osha mikono kwa sabuni. Pika nje au penye uwazi, na usimbebe mtoto mgongoni ukipuliza moto. Mvuta sigara avutie nje, mbali na mtoto.

MPANGO WA SAFARI

Sisi wa visiwani tuna jambo moja ambalo watu wa bara hawana: barabara yetu huja na kuondoka. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Yakipwa, njia nyingi za mashua hubaki matope. Na kusi ikichafuka, hata nahodha hodari husita.

Kwa hiyo panga kabla ya ugonjwa. Mjue mwenye mashua au pikipiki, uwe na namba yake ya simu. Weka akiba kidogo ya nauli mahali ambapo bibi na wifi pia wanapajua. Kubalianeni na mume wako leo, mkiwa na raha, kwamba mtoto akipata dalili za hatari, mama aondoke, na ruhusa amekwisha kupewa. Na mtoto akianza kukohoa, muulize nahodha: maji yajaa saa ngapi leo? Kisha hesabu pumzi asubuhi, mchana na jioni. Ukiona namba inapanda, nenda mchana, maji yakiwapo. Usingoje usiku ukufundishe.

KWA UFUPI

Upepo hauleti nimonia. Vijidudu ndivyo vinavyoileta, na moshi na msongamano huvisaidia.

Mtoto aliyetulia huku akihema ni mgonjwa. Hesabu dakika nzima.

Sitini, hamsini, arubaini.

Pumzi zikifika mpaka, zahanati siku hiyo hiyo. Ukiona dalili za hatari, hospitali sasa hivi.

Mpenzi msikilizaji, wiki hii kusi bado inavuma. Ukiniona njiani nikisukuma baiskeli kwenye mchanga, usinihurumie. Niite tu, uniambie kuna mtoto anakohoa. Nitashuka. Na kama sijafika kwako, usiningojee: saa iko kwenye simu yako, na mtoto uko naye mapajani.

Nakutakia wewe na wanao afya njema. Wassalaam alaikum.

(Muziki wa udi unapanda.)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Mtoto wa mwaka 1 na nusu ana kikohozi na pumzi 44 kwa dakika. Utafanya nini, na lini?
2. Kwa nini hatuhesabu pumzi za mtoto anayelia au anayenyonya?
3. Nyumbani kwenu, nani huamua mtoto apelekwe hospitali? Je, mtu huyo akiwa baharini au safarini, nani anaamua?
4. Taja mwenye mashua au pikipiki mnayeweza kumwamsha usiku. Namba yake iko wapi?
5. Kila mmoja ahesabu pumzi za mtoto mmoja kwa dakika nzima, mwenzake ahesabu pia. Je, mmepata namba moja?